Siku Mtaa Ulipokataa Machimbo

Saa nane na nusu mlango wa darasa ulikuwa bado na kufuli, na watu walizidi kuja.

Karima aliwahesabu uani. Wiki nzima alikuwa amebisha hodi nyumba kwa nyumba akiwaita watu kwenye mkutano huu, yeye ambaye hata sokoni huona haya kuuliza bei. Kampuni ya kokoto ilitaka kupanua machimbo yake hadi kwenye maporomoko ya Tshopo, pale wageni wa Jumapili wanapokula samaki wa mama yake. Nyumba yao ndiyo ingebomolewa kwanza. Tayari baruti zilikuwa zimepasua ukuta.

"Watu wa kampuni wameficha ufunguo," jirani yake, Mama Joëlle, alinong'ona. "Wanatuogopa."

Pikipiki ikasimama. Constant, msemaji wa kampuni, akashuka peke yake. Mtu mmoja akaokota jiwe.

Constant aliliona. Akatoa simu, akasema maneno mawili. Punde mlinzi wa shule akafika mbio na ufunguo.

"Muingie, wazazi yangu. Hakuna mutu atabakia inje."

Ndani walimzomea.

"Mwizi!"

"Uende kupasua kwenu!"

"Mutoto wangu halale tena juu ya mabomu yenu!"

Papa Mahmoudi, fundi cherehani, alimnyooshea kidole hadi karibu na pua. "Tunakataa. Unasikia?"

"Nasikia, papa."

Karima akasimama. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyojua anayo. "Muandike majina na sahihi!" Akapitisha karatasi za mahudhurio, kama ilivyo desturi ya kila mkutano. "Waone tuko wangapi!"

Kalamu ikaishiwa wino. Constant akampa yake. Wasiojua kuandika wakatia dole gumba.

"Na wale wamama wa dirishani?" Constant aliuliza kwa upole. "Wao hawajaandika."

Karima akawapelekea karatasi.

Majina mia mbili na kumi na mawili. Watu walitoka wakiimba, na mama yake alimkumbatia akilia. Darasani wakabaki yeye na Constant.

"Naweza kubeba kopi?"

"Beba. Wakubwa wako wahesabu wenyewe."

Constant alipiga muhuri wa kampuni kwenye kila karatasi, akapiga picha, moja baada ya nyingine, bila haraka. Kisha akampa Karima mkono, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu.

"Merci sana, dada. Dossier yetu ya kuomba kibali ilikwama miezi saba. Kule kwa ofisi ya serikali hawaulize raia walisema nini, wanataka tu kuona tulikutana nao, na majina yao. Sisi tukiita mkutano, hakuna hata mutu moja anakuja."