Sura ya Kwanza Asubuhi

Kila asubuhi mtoto wa Siwema aliamka macho yamegandana kwa tongotongo, na kila asubuhi aliyeyafungua alikuwa wifi yake, Mize. Muuguzi alishasema si jambo la kutisha: vifereji vya machozi havijazibuka sawasawa, na vitazibuka vyenyewe. Lakini Siwema aliogopa kuyagusa macho madogo vile, na Mize hakuogopa. Basi sura ya kwanza aliyoiona mtoto kila siku ilikuwa ya shangazi yake, na alipotimiza miezi miwili, ndiyo aliyoichekea kwanza.

Asubuhi iliyofuata Siwema alikomea mlango. Alichemsha maji akayaacha yapoe, akanawa mikono, akachovya pamba. Mize alibisha, akangoja, kisha akasogea dirishani.

"Anzia upande wa pua uje nje," alisema kwa upole. "Na kila ukifuta, pamba mpya."

"Najua, wifi. Ni mwanangu."

Siwema alifuta mpaka ukoko ukalainika. Kisha akabonyeza polepole kando ya pua, kama alivyokuwa akimwona mwenzake akifanya. Kope zikaachana. Macho yakafunguka, meusi, yamelowa, yakamtazama kitambo bila tabasamu.

"Yamefunguka?" Mize aliuliza.

Mtoto akageuza shingo kuifuata sauti. Siwema aliinama taratibu, mpaka uso wake ukaliziba dirisha lote.