Kamba ya Kuazima

Ilikuwa mwaka 2094, majira ya kipupwe. Sheria iliagiza kila kamba ya kaboni ikaguliwe kwa miale ya elektroni kila mwaka, ingawa miale hiyohiyo iling'oa atomi na kuidhoofisha kamba. Mwaka uliotangulia, Bi Nyamvula aliwaonyesha wakaguzi kamba aliyoiazima kwa jirani yake, Mwanahawa, ili yake, iliyomshusha mumewe aliyepooza kutoka ghorofa ya tisa, isiguswe.

“Shoga, yangu ilikaguliwa mara mbili,” alisema Mwanahawa mlangoni. “Leo yako ikaguliwe kwa jina langu pia.”

“Itachakaa. Nami nina mgonjwa.”

“Na mimi sina watoto wa kushusha?”

Nyamvula alirudi ndani. Mumewe alikwisha kuvaa kanzu ya kwendea kliniki. Nyamvula aliifungua kamba kwenye kiti cha mumewe taratibu, akamkabidhi Mwanahawa.