Nyuma ya Jenerali

Bi Zuleha alifika kwa fundi wa fremu kuchukua picha ya mwanawe Hatim, aliyepigwa risasi uwanjani siku ile watu walipomng'oa rais. Alikuwa ameagiza iwe kubwa kama za rais zilivyokuwa. Lakini ukutani, ndani ya fremu, alimkuta jenerali aliyeshika nchi baada ya rais, anang'aa.

"Ya Hatim iko tayari, fundi?"

Fundi Muniri hakumtazama. "Wanajeshi walipita asubuhi, mama. Kila duka limtundike jenerali kabla ya adhuhuri, la sivyo linafungwa. Fremu ya ukubwa huo ilibaki moja tu, hiyo ya Hatim."

"Na mwanangu umempeleka wapi?"

"Sikuwa na moyo wa kumtoa. Yumo humo humo, nyuma yake."

Bi Zuleha akasogea ukutani. Akaweka kiganja juu ya kioo, kwenye kifua chenye nishani, akakibusu kioo huku machozi yakimtiririka.

Askari aliyekuwa akikagua maduka ndiyo kwanza alikuwa amefika mlangoni. Uso wake ulijaa furaha. Akatoa simu, akainyanyua.

"Usiondoke, mama," akasema kwa upole. "Hebu mbusu tena."