Fundi wa Nje ya Pazia

"Sukuma tena, Bi Tuhfa! Kwa nguvu! Hiyo kadi haivunjiki."

Nyuma ya pazia kompyuta ikalia: mlio mmoja mrefu, miwili mifupi. Uweso akafumba macho. Maana ya mlio huo aliijua hata usingizini: mashine haiioni kadi ya skrini. Kompyuta iliyo nzima hulia mara moja tu, mlio mfupi, kisha ikashika kazi. Hii tangu asubuhi kilio ni kilekile, na skrini, kwa maneno ya huyo mwanamke, ni nyeusi tititi.

"Nimesukuma, fundi," sauti ya kinyonge ikajibu. "Haiendi."

"Haiendi! Mikono gani hiyo, ya uji?"

Kuingia mwenyewe hakuweza. Tuhfa alikuwa edani, mumewe Massoud hata arobaini yake haijasomwa, na mwanamume asiye maharimu halipiti pazia lile. Uweso aliomba boksi la kompyuta litolewe ukumbini alitazame kwa macho yake. Akajibiwa plagi ya ukumbini imeungua, yenye umeme ni ya chumbani tu. Basi akawa fundi wa mdomo. Lo, ufundi gani huo, kutengeneza kitu usichokiona kwa mikono ya mtu asiyejua mbele wala nyuma!

Lakini kilichomtia kinyaa hasa ni yule aliyemwita. Saleh, mdogo wa marehemu, alijitandaza kwenye kochi la marehemu, miguuni makubadhi ya marehemu, anachokonoa meno kwa kijiti na kutema uchafu wake sakafuni, kwenye nyumba ya msiba. Redio alikwisha kuibeba, na feni, na baiskeli.

"Nataka shemeji apate kitu cha kumliwaza," akasema Saleh. "Ndiyo maana nikakuita."

Liwazo! Nje ya mlango kulikuwa na mkokoteni, na juu yake kamba imekunjwa tayari. Uweso si mtoto. Kompyuta ikiwaka tu, inafungwa kamba na kwenda Usagara kwenye duka la Saleh. Na miaka ile ya ruksa ya biashara huria, viwanda vya Tanga vikifungwa kimoja baada ya kingine, nyumba hii ya Nguvumali ilikuwa ikila kwa mialiko ya harusi na mitihani ya shule iliyochapwa hapo. Mtaa mzima uliiita kompyuta ya Massoud. Ikiondoka, mjane na wanawe watakula nini?

Angeondoka zake, Uweso. Tatizo ni kwamba kadi hiyo mpya aliiuza yeye, na Saleh alikwisha kumtangaza sokoni kwamba ameuza kitu kibovu. Jina la fundi likioza halioshwi. Akabaki, na akajichukia kwa kubaki.

Alimkumbuka Massoud alivyokuja kununua, siku chache kabla ya mauti. Alimwonyesha kadi mbili achague. "Ngoja, yakhe, nikaulize nyumbani," Massoud akasema, akatoka. Uweso alicheka moyoni: mwanamume mzima, kadi ya kompyuta mpaka aombe ruhusa kwa mke!

"Haya, Bi Tuhfa, zima, chomoa waya, ufungue tena boksi. Nyuma kuna skrubu, tafuta bisibisi ndogo, uanze na..."

Hajamaliza, akasikia kifuniko kikiwekwa sakafuni. Labda hakukifunga tangu mwanzo, mvivu huyu.

"Toa kadi. Meno yake yasugue kwa kifutio cha shule. Umesugua?"

"Nimesugua."

"Irudishe, ikandamize huku na huku. Washa."

Mrefu mmoja, mifupi miwili.

Saleh akacheka hadi kijiti kikamtoka mdomoni. "Wanawake hawa! Ingekuwa kanga angejua pa kuifunga." Akatema tena. Uweso akageuza uso kwa aibu, kwani hata yeye alikuwa amewaza hayohayo.

Ikabaki njia moja. "Ile kadi ya zamani ipo? Iweke hiyo."

Akangoja. Bisibisi ikakwaruza kidogo. Kisha mrefu mmoja, mifupi miwili.

Uweso akashusha pumzi. Kadi mpya inakataa, ya zamani inakataa: basi si kadi. Jina lake limepona. Akamgeukia Saleh. "Ni ubao mkubwa wa ndani. Umekufa."

"Tuipeleke dukani kwako."

"Ubao ukishakufa ni maiti. Hata ukiipeleka Dar utarudishiwa boksi."

Saleh akasimama, uso umemkunjamana kama aliyelamba shubiri. Asubuhi nzima imepotea! "Takataka!" akalifokea pazia. "Kaa nayo hiyo. Weka majani humo kuku watagie!"

"Haidhuru, shemeji," sauti ikajibu taratibu. "Yote ni mapenzi ya Mungu."

Wakatoka, mlango ukafungwa nyuma yao. Saleh akamfukuza mwenye mkokoteni kwa matusi, kisha akaegemea ukuta chini ya dirisha la chumbani akitafuta sigara mifukoni. Uweso akainama kuvaa viatu. Roho ilimuuma. Mtu amekufa, mashine imekufa, na mwanamke wa watu amebaki na bati tupu.

Ndipo dirishani ukatoka mlio. Mmoja. Mfupi, wa kompyuta iliyo nzima. Uweso akakumbuka kifuniko kilichofunguka hata kabla hajamaliza kueleza, na lile neno la Massoud: nikaulize nyumbani.

Saleh akainua kichwa. "Nini hicho?"

"Saa yangu," akasema Uweso, akautumbukiza mfukoni mkono wake usio na saa.