Kikohozi cha Saa Nne na Robo

Kiti kilikuwa tayari. Droo ilikuwa tayari, stepla pia, hata ule mguno wa "njooni kesho" ulikuwa tayari. Kilichomshinda karani ni kikohozi.

"Hiki ni cha mbuzi," mwalimu alimwambia, akivua miwani. "Rudia."

Karani akarudi kwenye sinthesaiza, kile kinanda cha umeme chenye vitufe vya kuzungusha vingi kuliko vya kupigia. Alikuwa na miezi mitano katika darasa hilo, chumba kimoja juu ya duka la viatu, na alishajua kwamba sauti nyingi unaweza kuzianza na mvumo tu, kama wa redio isiyoshika stesheni. Unauchuja, kisha unaamua uingieje, ukae kiasi gani, uondokeje. Kikohozi kinaingia kwa pupa na kuondoka shingo upande. Hapo kwenye kuondoka ndipo alipokuwa anachemsha.

"Usikate tamaa," mwalimu akasema. "Mwaka jana nilikuwa na bibi mmoja, hata simu hajui kuiwasha. Alitengeneza mtoto mchanga analia, nikanyanyuka kwenda kumbembeleza."

Sasa utauliza, mtu mzima, mke na watoto wanne, kikohozi cha nini? Ni hivi. Darasa lilikuwa asubuhi, na asubuhi karani alitakiwa awe masjala, akipanga mafaili na kugonga mihuri. Sauti za mashine alizipenda tangu utotoni, akachoka kuziota. Basi kila alichofundishwa darasani alikitumia kuficha kwamba yuko darasani. Alifika kazini saa mbili, akawasha spika aliyoificha nyuma ya mafaili, akatoka kwa kunyata. Spika ikabaki ikivuta kiti, ikifungua droo, ikigonga mihuri. Kusema kweli, ilichapa kazi kuliko yeye.

Tatizo lilikuwa mkuu wa masjala. Chumba chake kilitenganishwa na cha karani kwa ukuta wa mbao, na mkuu hakuwa mtu wa kutoka wala wa maneno. Alikuwa mtu wa kukohoa. Saa nne na robo kamili, mara tatu, naye karani alipaswa kujibu kikohozi kimoja: nipo. Ndio ulikuwa utaratibu wao. Siku kikohozi kisipojibiwa, unga umemwagika. Miezi yote mitano karani alikuwa akiacha darasa katikati, anakimbia mpaka ofisini, anakohoa, anarudi kwa mwalimu jasho likimtiririka.

Lakini siku ya mtihani hakuna kutoka. Ukitoka, cheti huna.

"Ukifukuzwa," mkewe alimwambia, "utawalisha watoto milio?"

"Nikishapata cheti, naacha."

"Na wale wanaosubiri dirishani?"

"Wamezoea, mama watoto."

Na kweli walizoea. Dirisha la huduma lilifungwa muda mrefu, na nje yake, kwenye benchi, watu walinong'ona siku nzima. Mmoja alipenga kamasi. Mwingine alisonya. Kulikuwa na mtoto aliyeanza kulia kila ifikapo saa nne na nusu, na karani, kabla hajaanza darasa, alikuwa akimsikia na kuendelea kupanga mafaili.

Kikohozi kilikubali siku mbili kabla ya mtihani. Asubuhi ya mtihani karani akaitega spika ikohoe saa nne na robo, akapiga moyo konde, akaenda.

Kazi yake ya mtihani ilikuwa asubuhi nzima ya ofisi, imefupishwa kuwa dakika ishirini. Ili isipungue kitu, aliongeza na mkuu, vikohozi vyake vitatu, kama alivyovisikia ukutani. Mwalimu alisikiliza amefumba macho. Ilipomalizika, saa nne ilikuwa haijafika, akavaa miwani.

"Umefaulu," akasema. "Ila hivi vikohozi vitatu umeiga."

"Nimemwiga mkuu wangu."

"Umemwiga mwanafunzi wangu. Mtu mzima, wa suti, wa mwaka juzi. Hicho cha tatu kilikuwa kikavu mno, nikamsahihishia mwenyewe." Akampa cheti. "Alisema ni cha kumtuliza karani wake, mtu mkali sana, hatoki kazini."

Karani hakuaga. Alishuka ngazi mbilimbili, akakatiza barabara, akapita korido na kuufungua mlango wa mkuu bila hodi. Meza ilikuwa na vumbi la kuandikia jina. Koti la suti lilining'inia kwenye kiti. Saa ya ukutani ilipofika nne na robo, spika iliyo chini ya meza ikakohoa mara tatu, na kutoka ng'ambo ya ukuta karani akajisikia mwenyewe akijibu, vizuri kabisa.

Akakaa kwenye kiti cha mkuu, akacheka mpaka mbavu zikamuuma. Miaka miwili alikuwa akilitetemekea koti.

Kisha kicheko kikaisha, na akawasikia wale wa nje. Minong'ono. Mtu anapenga kamasi. Mtu anasonya. Aibu ikamshika, aibu ya kweli. Hao walikuwa watu, wenye shida zao, na miezi yote hii walikuwa wanagongewa mihuri na spika.

Alirudi chumbani kwake, akaizima mashine. Akaweka wino kwenye kidau, akafuta muhuri kwa shati. Akajizoeza kwa sauti ya chini: karibuni, nisameheni, leo namhudumia kila mtu. Komeo la dirisha lilikuwa limeshika kutu, akaligonga kwa stepla mpaka likaachia.

Ilikuwa saa nne na nusu kamili alipolisukuma dirisha. Benchi lilikuwa tupu, ila katikati yake palikuwa na spika moja, imefunikwa mfuko wa nailoni isinyeshewe, na humo ndani mtoto mchanga akaanza kulia.