Waya Uliobaki

Asubuhi ya maonyesho ya sayansi, Sisimizi, mdogo kuliko wote darasani, alikuta modeli yake ya DNA imepasuliwa katikati kama zipu. Waya mmoja kati ya nyaya zake mbili ulikuwa umetoweka pamoja na vifuniko vyake vya soda.

“Pole, mwanangu. Iondoe mezani, majaji wanaingia.”

“Haitoki, mwalimu.”

Akajikaza kisabuni, akakata waya mpya. Penye kifuniko chekundu kwenye waya uliobaki akapachika cha njano kwenye mpya. Penye cha bluu, cha kijani. Kila rangi ina mwenzake mmoja tu, na hivyo ndivyo hata seli huijenga upya nusu isiyokuwepo.

Jaji alipofika, kidole cha Sisimizi kilikuwa kinavuja damu.

“Nani kakuharibia?”

“Simjui,” akajibu, akiwatazama wenzake. “Ila hakusoma. Angesoma, angebeba nyaya zote mbili.”