Kifua cha Mbwa wa Crispin

Mbwa alimng'ata askari pajani, na askari, badala ya kumpiga mbwa, alimpiga mwenye mbwa. Kitako cha bunduki kilimpata Crispin mdomoni. Jino likaanguka kwenye saruji ya chumba cha eksirei, na Kalinga, mpiga picha wa hospitali ile ya misheni nje ya Iringa, akalitazama jino la mdogo wake asijue aliokote au aliache.

Inspekta, mzungu asiyependa kelele, aliamuru pingu zifunguliwe. Mbwa ashikwe na mwenyewe.

Yote yalianza Ijumaa. Mchana kweupe, mtu aliingia dukani kwa Matano kule Idodi akamcharanga kwa panga mpaka mkono mmoja ukabaki unaning'inia kwa ngozi. Matano hakufa kinyonge. Kabla ya kuanguka alifyatua bunduki yake ya marisawa, punje za risasi zikatapakaa mlangoni. Matone ya damu yalitoka pale yakapotelea porini.

Kesho yake Crispin akaonekana amebeba mbwa mwenye tundu kifuani. Watu hawakuhitaji kuambiwa zaidi. Kijiji kizima kilijua jinsi Matano alivyokuwa akijigamba kuhusu Tekla, mke wa Crispin.

Crispin alisema mbwa kapasuliwa na ngiri. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umevimba, eti kwa miiba, alipokuwa akimtoa mbwa kichakani. Askari walimchapa siku mbili mfululizo, hakubadili neno. Ndipo Inspekta alipoamua kwamba mbwa apigwe picha. Ikionekana punje hata moja kifuani, mbwa alikuwa pale dukani na bwana wake, na Crispin atanyongwa. Isipoonekana, aende zake.

Kalinga ndiye aliyemlea Crispin tangu mama yao alipofariki. Alikuwa tayari kuapa kwa kitabu chochote kwamba mdogo wake hawezi kuua.

Mbwa alilazwa ubavu juu ya filamu, akikoroma na kutema povu la damu. Kalinga alimwelekeza Crispin aivute miguu ya mbele mpaka kichwani, nyama ya mabega isije ikaziba mapafu. Crispin akaishika kwa mikono miwili, akamnong'oneza mbwa kwa Kihehe, mbwa akatulia.

"Piga, kaka," alisema, damu ikimchuruzika kidevuni. "Mbwa wangu hana risasi."

Kalinga alingoja kifua kitune kwa pumzi, akapiga.

Katika chumba cha giza, chini ya taa nyekundu, filamu ilianza kusema ndani ya dawa. Moyo ulijitokeza, kisha mapafu. Mbavu mbili zilikuwa zimevunjika, na hewa ilikuwa imevuja pembeni, kazi ya pembe ya ngiri kabisa. Risasi ingeng'aa nyeupe pe. Kalinga alizipitia mbavu moja moja, akarudia kutoka mwanzo. Hakukuwa na kitu. Alilia kwa furaha huku ameuma mkono wa koti lake, wasije wakamsikia nje.

Aliisuuza filamu, akaitia kwenye dawa ya pili, na ilipokuwa tayari akaiinua aione yote. Mbwa alikuwa mwembamba na filamu ilikuwa kubwa, kwa hiyo ukingoni ilikuwa imeshika pia mikono ya Crispin, mifupa ya vidole imetoka vizuri sana. Katika mkono wa kushoto, kati ya mifupa, zilikuwamo punje nne, nyeupe pe.

Mlango uligongwa. Inspekta aliuliza kama mbwa ana risasi.

"Mbwa hana hata moja, bwana," Kalinga alijibu, mkono wake ukipapasa mezani kutafuta mkasi.